Ukiguswa Mgongoni

Katika kiwanda cha misumari, mtu hamgusi mwenzake mgongoni kwa mzaha. Mle ndani maneno hayafiki popote. Mashine hukata waya na kugonga vichwa vya misumari, zote kwa pamoja, kutwa nzima. Hata ukipiga yowe, aliye ubavuni mwako ataona mdomo tu uliofunguka. Ndiyo maana watu husemezana kwa mikono. Vidole mdomoni, ni chakula. Kiganja juu ya kichwa, jihadharini, msimamizi anakuja. Lakini mkono mgongoni una maana moja: mashine inakunasa. Ukiguswa huulizi. Unarudisha mikono nyuma kwa nguvu zako zote.

Chiriku aliyajua hayo kama anavyojua njia ya kwake. Jina la Chiriku alipewa na wenzake alipoanza kazi, kwa sababu alikuwa na maneno mengi. Akianza kusimulia, chai ilikauka jikoni. Alimfundisha hata binti yake zile ishara za kiwandani, wakawa wanachekeshana nazo wakati wa kula.

Siku hizi lilibaki jina tu. Akitoka kazini, kelele zilitoka naye, zikaingia naye ndani, zikalala naye. Kijiko kikigonga sahani, moyo ulimwenda mbio. Binti alipokuja na habari zake za shuleni, mama alimtazama midomo tu, kisha akasema, "Basi, mwanangu. Basi." Habari nazo zikapungua.

Jioni moja Chiriku alikuwa ameinama akipuliza jiko. Binti alikuwa amesifiwa na mwalimu kwa kusoma vizuri mbele ya darasa. Aliingia mbio, miguu mitupu, akamwekea mama yake mikono yote miwili mgongoni.

Kiwiko kilikwenda kabla ya akili.

Bibi aliyekuwa chumbani alitoka na kumkuta mjukuu ameshika mdomo, damu inapita kati ya vidole.

"We mwanamke, una wazimu?"

"Sikujua ni yeye, mama."

"Ulidhani ni nani? Simba?"

"Nilidhani nimenaswa."

"Na nini? Na sufuria?"

Chiriku alitazama jiko, sufuria, ufagio. Hakuwa na cha kuonyesha. Alimnyoshea mtoto mkono, mtoto akajibanza nyuma ya bibi yake.

"Sikiliza," bibi alisema, sasa kwa upole, na upole huo ulimtisha zaidi. "Kesho kaombe wakutoe kwenye hayo mashetani yako. Wakikataa, huyu nakwenda naye kwa dada yako. Wewe ni mwanangu, lakini na yeye ni wangu."

Kesho yake Chiriku aliingia kwa msimamizi. Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akigonga meza kwa kalamu, ko, ko, ko, bila kujijua.

"Naomba unihamishie kwenye kufunga pakiti."

"Sema kwa nguvu!"

"Nihamishe! Kelele zinaniumiza!"

"Zinakuumiza wapi? Nionyeshe."

"Hapaonekani."

Msimamizi akacheka. "Dada yangu, kule kwenye pakiti nimewapeleka waliokatwa vidole. Wewe unavyo vyote. Nimwambie bosi unaumwa nini? Weka pamba masikioni."

"Ninaweka."

"Basi ongeza. Hata mimi mke wangu anasema nafoka kila nikifungua mdomo. Nimemwambia azoee."

Ko, ko, ko. Chiriku alitamani kuing'oa ile kalamu mkononi mwake. Alisema asante, akarudi kwenye mashine yake.

Njiani kuelekea nyumbani alipanga maneno. Angesema msimamizi ameahidi kulifikiria. Angeomba wiki moja tu. Angekaa uso ukielekea mlangoni ili mtoto asimjie kwa nyuma tena. Angemwomba amsomee kile alichosifiwa kwa kukisoma, amsikilize mpaka mwisho hata kichwa kikipasuka.

Alipokaribia aliisikia sauti ya binti yake, kwa mbali, kama inatoka chini ya maji. Alikuwa amekaa kizingitini akimsimulia bibi aliyekuwa ndani jambo fulani, redio ikiimba, mdomo umevimba, mikono inarukaruka. Alikuwa chiriku hasa. Mama alisimama ili asimkatize.

Binti aliinua macho akamwona. Maneno yakakoma. Hakuita wala hakukimbia. Aligeukia ndani, aliko bibi, akaweka kiganja juu ya kichwa.

Mle ndani redio ilizimwa. Bibi alitokea mlangoni na kibegi cha shule begani na furushi mkononi, tayari limefungwa.

"Wamekubali?"

Chiriku alifungua mdomo. Maneno yote aliyoyapanga yalikuwapo, lakini mashine zilikuwa zikigonga juu yake. Binti alikuwa akimtazama midomo.