Jagi la Fundi Bomba

Mzee alipofanyiwa operesheni, wodi nzima ilipata habari. Alikuwa fundi bomba tangu ujanani, na sasa mwenyewe ametiwa bomba: madaktari walipitia kwenye kinena, wakapandisha mrija mpaka tumboni, wakauweka ndani ya mshipa mkubwa wa damu uliokuwa umevimba na kutishia kupasuka. Tumbo halikuguswa kisu. Kila mgeni alioneshwa vidonda viwili vidogo, atake asitake, na kuambiwa kwamba kazi ilikuwa safi, ila yeye angechagua mrija mpana kidogo.

Mkewe alimwacha apige domo. Kilichomkosesha raha yeye ni figo. Ili waone mshipa vizuri, walimdunga mzee dawa ya rangi, na daktari alieleza waziwazi kwamba dawa ile, pamoja na misukosuko ya operesheni, huweza kuzijeruhi figo. Kwa hiyo mkojo wote uingie kwenye jagi, upimwe. Ukipungua, mzee haendi nyumbani.

Ukapungua. Mzee akalitazama jagi kwa jicho la fundi.

Asubuhi iliyofuata mkewe alimkuta chooni, mlango wazi kidogo, ameinamia sinki, anafungua koki taratibu isipige kelele. Jagi likapanda. Akafunga, akachungulia, akaongeza matone mawili matatu, kazi isiwe na kasoro.

Mke akarudi nyuma kwa kunyata. Kwanza alitaka kucheka. Kisha hofu ikamshika, maana huyu mjinga wake angejiua kwa ujanja. Akamfuata daktari, akamnong'oneza yote.

"Damu yake imeshatuonesha figo zimeumia," daktari alisema. "Zinaweza kupona, lakini lazima tujue anatoa mkojo kiasi gani kweli. Nimkaripie?"

"Usimkaripie, mwanangu. Mruhusu."

Daktari akaingia wodini, uso mkavu, akalinyanyua jagi. "Hongera, mzee! Kwa mkojo huu, leo unalala kwako."

Mzee akachekelea mpaka jino la mwisho likaonekana. Mkewe akapanga nguo kwenye mkoba, akamvalisha viatu. "Twende, baba watoto. Mtu mwenye figo kama zako anangoja nini hapa?"

Kicheko kikaanza kupungua. "Daktari, hampimi tena?"

"Ya nini?"

"Labda jagi lenyewe ni bovu."

"Jagi zima kabisa," alisema mkewe, akamshika mkono na kumvuta.

Mlangoni mzee akakwama. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Yale ni maji ya bomba," akasema kwa sauti ndogo. "Nusu yake. Zaidi ya nusu. Niliogopa mtaniunganisha na ile mashine ya kusafisha damu."

Daktari akamrudisha kitandani bila neno kali, akamwekea dripu, akaenda kuita nesi. Mzee akamgeukia mkewe.

"Kumbe ulijua! Na ungeniacha nitoke?"

"Ningekuacha ufike kwenye ngazi."

Alitaka kuendelea kumtania, lakini machozi yakamtangulia. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kumvua viatu.

"Mimi nataka mume, mzee," akasema. "Jagi lililojaa nitalipeleka wapi?"