Mwaloni wa Chapchap, Figili za Taratibu

Chapchap alikuwa mtu wa kung'oa. Tangu mama yake alipomkabidhi upande wa mboga kwenye kitalu chao cha miche, hakuna karoti, bitiruti wala figili iliyowahi kuzeeka mikononi mwake. Chai aliinywa amesimama, kitaluni alifika kabla ya jua, na ikigonga saa tatu ameshapalilia, ameshachokora matuta yote, na ameshagombana na mtu mmoja au wawili. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho, na huko ndiko lilikobaki.

Upande wa miti ulikuwa wa kaka yake, Taratibu. Huyo alifika saa nne, akakagua mche mmoja kwa nusu saa, kisha akaketi kupumzika kana kwamba ameubeba mgongoni. Mialoni ndiyo iliyomvimbisha kichwa. Alikuwa nayo mia mbili, imepangwa kwenye vifuko, kila mmoja na kijiti chake cha kuegemea. Mteja akiuliza huu utatoa kivuli lini, Taratibu alimjibu bila kupepesa macho, "Wajukuu wako watakuja kuniambia."

Bomba la maji lilikuwa moja, na hapo ndipo moto ulipowaka kila siku.

"Nipishe, Kaka. Figili zangu zinavunwa Ijumaa. Hiyo mialoni yako ina miaka mia mbili ya kunywa maji, leo ikikosa itanuna tu."

"Mdogo wangu, figili inaishi mwezi mmoja halafu inaliwa na chumvi. Huo ni mmea au kitafunwa?"

"Kitafunwa kinachouzika! Wewe unauza matumaini kwenye mifuko."

Mama yao aliwasikiliza kutoka kwenye kigoda chake, ufunguo wa geti ukining'inia shingoni kwa utepe. Magoti yalikuwa yameanza kumgomea, na wote walijua kwamba ufunguo ule utahamia shingo nyingine karibuni. Taratibu aliutaka. Chapchap alikuwa akikosa usingizi kwa kuuwaza. Kaka yake akishika kitalu, mboga zingesukumwa hadi kwenye kipembe cha nyuma ya choo, na yeye angeanza kuomba ruhusa ya kupanda karoti mahali alipopanda karoti miaka kumi na moja. Hilo aliapa hatalikubali akiwa na akili zake.

Siku moja asubuhi Mama aliwaita wote wawili.

"Nimechoka kusikia nani ana mmea mgumu. Mtabadilishana. Taratibu, pakti ya mbegu za figili hii hapa, na tuta lile ni lako. Chapchap, kokwa la mwaloni hili hapa. Baada ya miezi miwili nitakagua, halafu tutaongea habari za ufunguo."

Chapchap akaficha kicheko. Mbegu moja tu? Hata akiwa amelala angeiotesha. Kilichomshangaza ni ndoo aliyopewa. Ilikuwa ndefu kumfika kiunoni, Mama ameipasua ubavuni kwa msumeno na kuirudisha pamoja kwa kamba.

"Mama, kokwa lenyewe halifiki kidole gumba. Ndoo yote hii ya nini?"

"Jaza udongo, mwanangu. Maswali mwagilia baadaye."

Akajaza. Akazika kokwa, akamwagilia, akasubiri. Kusubiri kwenyewe kulidumu siku tatu. Siku ya nne kidole kilikuwa ndani ya udongo, kikipapasa.

"Unalitekenya?" Mama akauliza kutoka kwenye kigoda.

"Naliangalia tu."

Siku ya kumi aliliangalia tena, na safari hii alikuta ganda limepasuka na limelowa. Limeoza! Moyo ukamshuka mpaka kwenye viatu. Akalifunika upesi kama mtu aliyevunja sahani ya mgeni, na tangu siku hiyo hakuligusa tena. Aliendelea kumwagilia mbele ya watu kwa uso mkavu, huku ndani akijua anamwagilia marehemu.

Kwa Taratibu, mambo yalikuwa yanachekesha vizuri zaidi. Figili zake ziliota siku ya tano, zikamtia hofu kwa hiyo kasi. Wiki ya nne zilikuwa tayari. Chapchap aliziona mabega mekundu yamechomoza juu ya udongo, yanaomba kung'olewa, na akalazimika kushika mikono yake nyuma. Taratibu hakung'oa hata moja. Alizitandazia majani makavu. Wiki ya tano zikarusha shina juu, naye akafurahi kama mzazi kwenye mahafali. Wiki ya sita zikatoa maua, akazifunga kila moja kwenye kijiti chake.

"Ona urefu huo," alimwambia dada yake. "Na ulikuwa unazing'oa zingali watoto. Huna huruma."

Chapchap alijifanya hamnazo. Kumwambia ukweli kungekuwa wema, na siku hizo wema ulikuwa nje ya ratiba yake.

Lakini ndoo yake nayo haikuwa na hata jani, na wiki moja tu ndiyo iliyobaki. Basi mchana mmoja, Taratibu akikoroma chini ya neti ya kivuli na kofia usoni, Chapchap alinyata hadi kwenye mialoni. Akachagua mche mdogo kuliko wote, wenye majani manne, uliokuwa mstari wa nyuma. Akaushika shingoni na kuuvuta kwa ule mvuto mmoja uliomng'olea karoti maisha yake yote. Ndani ya kifuko kitu kikalia *kak*. Hakutazama ni nini. Aliusokomeza mche kwenye ndoo yake, akashindilia udongo, akaondoka akipiga mluzi.

Siku ya ukaguzi Mama alibebewa kigoda hadi kwenye tuta la figili. Mashina yalimpita kichwa.

"Ajabu," akasema. "Nionyeshe chini."

Taratibu akameza mate. "Chini pia ziko vizuri, Mama."

Mama akachimbua. Ikatoka figili nyekundu, nono, haina jani wala mzizi. Ikafuata ya pili. Ya tatu, ya nne na ya tano zikatoka kwa pamoja, kwa sababu zilikuwa bado zimebanwa na mpira wa kufungia mafungu ya sokoni.

Chapchap alicheka hadi akashika mbavu. Mama akavuta shina moja lililoota hapo, na kwenye ncha yake kulikuwa na kitu kigumu, cheusi, kilichopasuka kama kisigino.

"Hii ndiyo yako," akamwambia Taratibu. "Ilikuomba siku ishirini na tano, ukaipa miezi miwili. Umeiheshimu mpaka imekufa." Kisha akageuka. "Na wewe unayecheka, ndoo yako iko wapi?"

Kicheko kikakatika.

Majani manne yalikuwa yameshaning'inia. Mama akayasogelea. Aliyashika kwa vidole viwili, akainua, na mche ukatoka kirahisi kabisa, mzizi wake umekatikia karibu na shina.

"Huo si wangu huo?" Taratibu akatoa macho. "Wa mstari wa nyuma!"

"Kaa kimya, mnunua figili," Mama akasema, na akafungua kamba. Ubavu wa ndoo ukafunguka kama mlango. Akakwangua udongo taratibu kwa ukucha.

Kokwa lilikuwa pale pale. Kutoka kwenye ule ufa wake ulikuwa umeshuka mzizi mmoja mweupe, mnene, ulionyooka hadi karibu na kitako cha ndoo. Juu, hakuna kitu. Chini, kazi ya miezi miwili.

"Mwaloni huanza kwa kuwa karoti," Mama akasema. "Unashuka kwanza. Aliye hai ulimwona maiti, mwanangu, ukaenda kuiba maiti ukadhani yuko hai."

Aibu ilimpanda Chapchap mpaka masikioni. Kisha, kabla hajaimaliza, furaha ikaja na kuisukuma pembeni. Lilikuwa zima! Mkono wake mwenyewe ndio uliolimwagilia, hata kama ni kwa unafiki.

Mama alifunga tena ndoo. Akavua utepe shingoni, akamvisha Taratibu. Chapchap akahisi machozi yanamjia. Ndipo Mama alipompa yeye kile kitu kingine, kufuli la geti, zito, la baridi.

"Wewe utafunga jioni. Kulibana hakuhitaji ufunguo. Yeye atafungua asubuhi. Nikisikia mmechonga ufunguo wa pili, nitauza kitalu kwa mtu wa matofali."

Kesho yake kabla ya jua Chapchap alikuwa nje ya geti, na ndoo yake pembeni juu ya toroli, maana Mama alimwambia asiiache kitaluni. Alitikisa geti. Akahesabu vyuma vyake mara tatu. Saa moja ikapita. Kidole kilimwasha kuingia kwenye udongo, akakikalia. Hakuna kilichobaki cha kufanya isipokuwa kutazama, basi akatazama.

Punje ya udongo ikabiringika yenyewe. Chini yake palikuwa na ncha nyekundu, ndogo kuliko punje ya mchele, inajisukuma nje.

Ilipofika saa moja na nusu asubuhi, vishindo vikasikika barabarani. Alikuwa Taratibu, anakimbia, kwa mara ya kwanza tangu utotoni, vifungo vya shati vimekosea matundu, ufunguo ukimgonga kifuani.

"Nisamehe, mdogo wangu, nimechelewa! Sogea, sogea nifungue!"

Chapchap aliinua mkono bila kugeuka.

"Tulia, Kaka," akanong'ona. "Haraka ya nini?"