Shuka la Bayosa

Bayosa alikataa uji kwa siku ya nne, na asubuhi ya Jumamosi akasema anataka kuliona shuka lake.

"Ulione?" Wasing, mumewe, akamuuliza, kana kwamba hakusikia vizuri.

"Nilione tu, mzee wangu. Nijue lipo."

Lilikuwa shuka la maziko. Mama yake Bayosa ndiye aliyelifuma kwa mkono, jeupe, lenye mistari myeusi na myekundu ya ukoo wao, na kwa miaka thelathini na moja lilikuwa limekaa sandukuni likingoja siku moja. Bila shuka hilo, wazee waliotangulia wangemwona Bayosa anakuja na wangeulizana huyu ni mgeni wa nani. Wasing alikuwa amebatizwa, alikuwa amesoma, alikuwa nyapara mgodini miaka ishirini na sita. Lakini jambo hilo hakuwahi kulitilia shaka hata siku moja.

Shuka la namna hiyo halianikwi nje. Hupitishwa juu ya moshi wa jiko, ndani, milango ikiwa imefungwa, na asilijaribu mwilini mtu yeyote aliye hai. Akilivaa aliye hai, limekuwa lake. Atakayezikwa nalo baadaye atamvuta yule aliyelivaa waende pamoja kwa wafu.

Hayo yote Wasing aliyajua. Ila mvua za mwaka uliopita zilikuwa zimeliachia harufu ya ukungu, jua la Januari lilikuwa limechomoza safi juu ya misonobari, na yeye alikuwa amekesha na mgonjwa hata kichwa kikawa kizito. Alfajiri alilitoa sandukuni akalitundika kwenye kamba nyuma ya nyumba. Nusu saa tu, alijiambia. Kamba ile ndiyo Erlinda aliyoanikia mavazi yake ya kukodisha.

Sasa alitoka nyuma ya nyumba kulichukua. Kamba ilikuwa tupu, inapepea.

Erlinda, binti wa marehemu kaka yake Bayosa, alikuwa na kibanda juu barabarani, pale wageni wanaposimama kutazama milima ya migodi. Alikodisha mavazi ya Kiigorot, kabila lao la milimani. Watu wa Manila walipanda na mabasi, wakavaa shuka na kofia za manyoya juu ya suruali zao za jinzi, wakashika mikuki ya mbao, wakapigwa picha na bonde nyuma yao, kisha wakavua wakaenda kula mahindi ya kuchoma. Wasing alipofika huko juu pumzi zilikuwa zinamtoka kwa mluzi.

"Erlinda, shuka lililokuwa kwenye kamba liko wapi?"

"Lipi, mjomba? Nimezoa yote mikono miwili, wageni walikuwa wameshajaa hapa kama siafu."

"Jeupe. La zamani."

"Aa, lile! Wee mjomba, umelitoa wapi? Hilo ndilo lililopendwa kuliko yote. Dada mmoja kaligombania na wenzake mpaka..." Akauona uso wa Wasing.

"Ni la shangazi yako," alisema Wasing.

Erlinda alikaa chini pale pale, kwenye vumbi, kati ya mikuki. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu. Hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Wageni wenyewe walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha majokofu, fulana za manjano, basi zima. Walikodi mavazi kwa siku nzima ili wapige picha kila mahali. Wangeyarudisha saa kumi na moja jioni. Simu ya kiongozi wao iliita, ikaita, haikupokewa.

"Watarudi, mjomba. Wameacha kitambulisho."

"Shangazi yako hatafika saa kumi na moja."

Erlinda alijipiga paja. "Kiongozi wao aliwasomea ratiba hapa hapa. Bustani, kisha farasi, kisha ziwani kwenye boti, kisha mashamba ya stroberi. Rodel! Washa gari!"

Rodel alikuwa mumewe, dereva wa teksi, mtu wa maneno mengi. Walikwama kwenye msururu wa magari ya wikendi.

"Mjomba, aliyelivaa ni msichana?"

"Ndivyo alivyosema mkeo."

"Utamwambia?"

Wasing alitazama nje. Kando ya barabara familia moja ilikuwa imesimamisha gari ili mtoto ashike ukungu. "Endesha," alisema.

Bustanini, karibu na lango, walikaa wazee waliopigwa picha na wageni. Walivaa vibwaya na manyoya kichwani, na bakuli mbele yao. Miongoni mwao alikuwemo Dalisdis, aliyechimba mwamba mmoja na Wasing ujanani. Miaka yote hiyo Wasing alikuwa akiwapita wazee hao bila kugeuza shingo, na aliwahi kuwaambia kwamba wanauza sura za baba zao.

"Hee! Tazameni nani kaja!" Dalisdis alipiga kelele. "Nyapara kaja kuomba kazi! Karibu bwana mkubwa, vua suruali, nitakuazima manyoya. Miguu yenyewe hiyo ya kuku, lakini wageni hawachagui."

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akakohoa.

"Fulana za manjano," alisema Wasing. "Wamepita hapa?"

"Wameondoka sasa hivi. Kuna binti mmoja..." Kicheko kilimkauka Dalisdis mdomoni. "Wasing. Nililiona shuka lile nikasema macho yangu yamezeeka. Nimepiga naye picha. Nimemshika bega." Alivua manyoya kichwani taratibu. "Ni la Bayosa?"

Wasing alikuwa ameshageuka.

Kwenye uwanja wa farasi walichelewa tena. Farasi walizunguka na manyoya ya shingo yaliyopakwa rangi ya waridi, watoto wakipunga mikono, na mchunga farasi mmoja akawaambia kwamba watu wa manjano wameshuka ziwani. Aliongeza kwamba binti mwenye shuka alikataa kupanda farasi, akisema nguo nzuri vile haifai kunuka mnyama.

"Ana adabu," alisema Rodel walipokuwa wakirudi garini.

"Nyamaza, Rodel."

Ziwa lilikuwa limejaa boti za umbo la bata maji, nyeupe, shingo ndefu, watu wawili wawili ndani wakikanyaga pedali. Wasing aliliona shuka kabla hajashuka garini. Lilikuwa katikati ya maji, mabegani mwa msichana mwenye nywele ndefu, na ncha yake moja ilining'inia nje ya bata.

Aliita. Alipunga kofia. Muziki wa ukingoni mwa ziwa ulimeza sauti yake. Ikabidi wakodi bata. Mwenye boti aliwafunga makoti ya kuokolea na kuwaambia wasisimame.

Walikanyaga. Magoti ya Wasing yalikuwa ya mtu wa miaka sabini na nane, na bata lilikwenda mshazari kwa sababu Rodel alikuwa na nguvu kumzidi. Walipokaribia, mwenzake yule msichana aliwaona, akapiga mikono.

"Maricel, tazama! Babu anatufukuza! Kanyaga! Kanyaga!"

"Mashindano, Apo, babu yetu?" msichana aliita kwa furaha. "Haya, tukamateni!"

Wakakimbia. Wasing alipaza sauti wasimame, nao wakacheka zaidi. Fulana za manjano zilizokuwa ukingoni zilianza kushangilia, nusu zikimshangilia Maricel na nusu zikimwita yeye: "Babu! Babu! Babu!" Mtu mmoja alimpiga picha. Wasing alikanyaga huku machozi yakimtoka, akilia mbele ya watu kwa mara ya kwanza tangu utotoni, na watu walidhani ni upepo.

Mwishowe wasichana waligonga ukingo wa upande wa pili, wakageuka wakihema. Maricel alimtazama usoni na kicheko kikamkatika.

"Apo, kuna nini?"

"Binti yangu, shuka hilo si la kukodisha. Lilichukuliwa kwa makosa."

"Jamani! Samahani sana." Alilivua papo hapo, akalikunja vizuri kadiri boti ilivyomruhusu, ijapokuwa ncha ilikuwa imeshalowa. Alimpa kwa mikono miwili. "Lilikuwa na joto zuri. Kwani ni la nini?"

Rodel alimtazama Wasing. Wasing alimtazama msichana. Alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi, na chembe ya sukari kwenye kidevu.

"La sherehe," alisema.

Waliianza njia ya kurudi. Wasing alilishika shuka mapajani, akalikamua ncha nje ya dirisha, akalipangusa kwa leso. Lilinuka manukato na sukari. Hakuna atakayejua, aliwaza. Dalisdis anajua. Erlinda na mumewe wanajua. Lakini hao ni watu wake, watafunga midomo. Na msichana yuko Manila, mbali, kati ya mamilioni ya watu. Wazee waliotangulia hawatampata.

Mlangoni alimkuta Kitongan, mdogo wake Bayosa, ambaye ndiye angeongoza maombi ya kuwaita wazee waliotangulia. Erlinda alikuwa ameshamweleza yote.

"Umelipata, shemeji?"

"Nimelipata."

"Basi. Mengine tusiyaseme. Mpelekee."

Bayosa alikuwa haoni tena sawasawa. Wasing alimwekea shuka kifuani, na vidole vyake vikaanza kulipapasa, mstari kwa mstari, kama mtu anayesoma. Uso wake ulilegea. Kwa muda Wasing aliamini kwamba imekwisha, kwamba amefaulu.

Kisha vidole vikasimama.

"Limelowa."

"Umande, mke wangu. Nililianika alfajiri."

Aliendelea kupapasa. Alikuta kitu, akakivuta polepole kutoka kwenye nyuzi, na kikazidi kuja: unywele mmoja, mrefu kama mkono. Alijizungushia kidoleni.

"Ni wa nani?"

Wasing alifungua kinywa na uongo ukiwa tayari. Alikuwa ameshadanganya mara mbili siku hiyo, na mara ya tatu ingekuwa rahisi. Lakini walikuwa wameishi pamoja miaka hamsini na mitano, na mkono wa Bayosa ulikuwa umemshika kidole gumba.

"Wa msichana mmoja wa Manila. Lilivaliwa. Ni kosa langu, nililitundika nje."

"Ana miaka mingapi?"

"Ishirini. Labda ishirini na mmoja."

"Ulimwambia?"

"Sikumwambia."

Bayosa alifumba macho, na Kitongan akasogea kutoka mlangoni kusikiliza kama bado anapumua.

"Liondoe," alisema. "Ni lake."

"Dada," alisema Kitongan, "tutachinja nguruwe, tutalisafisha. Kuna maneno yake."

"Maneno hayo umewahi kuyaona yakifanya kazi?"

Kitongan alilitazama shuka.

"Siwezi kwenda nikimburuta mtoto wa watu. Nitamweleza nini mama yake?" Alitaka kusema zaidi, akakosa pumzi, akapumzika. "Liondoe juu yangu, mzee. Lina uzito."

Wasing aliliondoa. Hayo ndiyo maneno ya mwisho ambayo Bayosa alimwambia. Alifariki saa tisa alasiri, mkono wake ukiwa umeufumbata unywele, na Wasing ndiye aliyeufumbua.

Walimkalisha kwenye kiti cha wafu karibu na mlango, kama inavyopaswa. Wanawake walisimama wakingoja nguo, wakimtazama Wasing. Shuka lilikuwa pale juu ya sanduku. Kitongan alimvuta kando akamnong'oneza.

"Yeye ameshakwenda. Uamuzi ni wako sasa, shemeji. Nani atakulaumu? Ni dada yangu. Sitaki afike kule kama yatima."

"Alisema liondolewe."

"Nilisikia alichosema!"

"Basi na mimi nilisikia."

Wasing aliingia chumbani, akavuta blanketi la kitandani mwao, lile la dukani, lenye picha ya simbamarara wawili, akarudi akamfunika mkewe kwa mikono yake, akalikunja chini ya miguu yake. Wanawake waligeuza nyuso. Mmoja alianza kulia kwa sauti, na alichokililia si kifo.

Kitongan aliketi mbele ya kiti akaanza kuwaita wazee, jina kwa jina, kutoka mama yao na bibi yao mpaka wale ambao hakuna aliye hai aliyewaona. Aliwaambia Bayosa anakuja, binti wa fulani, mke wa Wasing, mama wa wawili waliokufa wachanga. Aliwaambia wafungue njia, wawashe moto. Sauti yake ilikuwa nzuri, na watu waliinamisha vichwa.

"Mpokeeni," alisema. "Mtamtambua kwa..."

Watu walingoja. Kitongan alimtazama Wasing, naye Wasing akawatazama simbamarara wa blanketi. Kutoka juu barabarani kulisikika mtu akihesabu mpaka tatu, na kundi la wageni likacheka pamoja kwa ajili ya picha.

Kitongan alilamba midomo, akaanza tena tangu jina la kwanza.