Swali la Amri Namba Tatu

Mwaka 1980, jimbo la Texas lilipoanza kuiadhimisha Juni kumi na tisa, siku ya ukombozi wa watumwa, kama sikukuu rasmi, kanisa letu hapa Galveston liliamua kuongeza uhondo. Miaka yote tulikuwa tukiandamana, tukila nyama ya kuoka kwa moshi na kunywa soda nyekundu mpaka ndimi zikabadilika rangi. Safari hii mchungaji akataka yawepo na mashindano ya maswali ya historia ya Amerika, kwaya dhidi ya wapokezi wa mlangoni. Kwa kuwa nilikuwa nasomesha historia sekondari, kazi ya kutunga maswali na kuyauliza ikaniangukia mimi.

Alasiri ya mkesha wa sikukuu ukumbi ulijaa hadi watu wakaegemea kuta. Feni zilikuwa zikizunguka bila kupoza kitu. Mbele waliketi manahodha wawili. Wa kwaya alikuwa Verlene Simms, msusi, mwenye sauti nzuri na ulimi mkali zaidi ya sauti. Wa wapokezi alikuwa Cleophus Battiste, tarishi wa posta, mtu ambaye ukimtajia mwaka wowote atakuambia nani alikuwa rais na nani alimshinda.

"Cleophus," Verlene akaanza kabla hata sijafungua mdomo, "nasikia ukishiba unasahau hata jina lako. Umekula nini leo?"

"Wali na maharage, dada yangu. Na jina langu usiwe na wasiwasi nalo, utalisikia likitangazwa hapo baadaye."

Watu wakacheka, tukaanza. Niliuliza ni rais gani aliyeinunua Louisiana kutoka kwa Wafaransa, Verlene akawahi kengele. Nikauliza ni jimbo gani lililotangulia kujitoa kwenye muungano kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Cleophus akajibu huku akifuta miwani. Nikauliza jina la baharia mwenye damu ya Kiafrika aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupigwa risasi kule Boston, na hapo wote wawili wakagonga kengele kwa pamoja, ikabidi mchungaji aamue. Ilikuwa raha. Kina mama walikuwa wakiwanong'oneza wachezaji majibu ya uongo makusudi ili wawapoteze.

Tulipofika nusu, pointi zikiwa sawa, nikatoa swali nililokuwa nimelitunza. Nililitunga kwa sababu nilijua watu wengi hawajawahi kuisoma amri yenyewe, wanajua tu sherehe yake.

"Juni mwaka 1865," nikasoma, "jeshi la Kaskazini lilifika hapa Galveston, na Amri Namba Tatu ikatangazwa, kwamba watumwa wote wa Texas ni watu huru. Amri hiyohiyo iliwashauri hao watu huru wafanye nini?"

Verlene akatazama dari. Cleophus akagonga kengele taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

"Wakae kwa utulivu katika nyumba walizomo," alisema, "na wafanye kazi kwa ujira."

"Sahihi."

Wapokezi wakapiga makofi. Makofi yalipopungua tukasikia kicheko, chembamba, kinatoka nyuma karibu na mlango. Alikuwa Bi Zenobia Guidry, bibi kizee wetu wa miaka tisini na mmoja, aliyezoea kukaa pale kwa sababu ya upepo.

"Mama yangu hakukaa," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Samahani, Bi Zenobia?"

"Nasema mama yangu hakukaa. Walimwambia akae, naye akaondoka, nguo za watu akaziacha kwenye beseni."

Sote tulimjua Bi Zenobia. Tulimjua kwa mikate yake ya viazi vitamu, kwa kofia zake, kwa kumkemea kila mchungaji anayehubiri muda mrefu. Alikuwa amekaa katika kiti kile tangu kabla sijazaliwa, na katika watu wote waliokuwa ukumbini hakuna aliyewahi kumuuliza amezaliwa na nani.

Verlene ndiye aliyeuliza kwanza. "Mama yako mzazi, Bi Zenobia? Siyo bibi yako?"

"Mama aliyenizaa. Mimi ndiye kitinda mimba wake. Hester lilikuwa jina lake, alikuwa na miaka kumi na mmoja siku hiyo. Endeleeni na mashindano yenu, nilikuwa najisemea tu."

"Hapana, mama," alisema Cleophus. Alikuwa ameshasimama. "Tuambie."

Bi Zenobia akamtazama, kisha akatutazama sisi sote tuliogeuza viti. Nadhani hakutegemea kusikilizwa. Akaweka pepeo lake la karatasi mapajani.

Alisema Hester alikuwa akifua nyuma ya nyumba ya mfanyabiashara wa pamba. Mpishi alitoka mjini, akamwambia kwamba askari wamesoma karatasi na wao ni huru. Bibi wa nyumba naye akatoka, akawaambia ni kweli, lakini karatasi imesema wabaki na waendelee na kazi, watalipwa. Hester aliuliza swali moja tu: karatasi imesema mtu asiende kwa mama yake? Bibi wa nyumba akaingia ndani. Basi Hester akakamua shuka aliyokuwa ameishika, akaianika vizuri, nyingine akaziacha majini, akatoka kwa lango la nyuma na miguu yake mitupu.

"Mama yake alikuwa ameuzwa kwenye mashamba ya miwa, huko Brazoria," Bi Zenobia alisema. "Miaka minne ilikuwa imepita. Hakujua njia. Alijua tu kwamba gari moshi lililomchukua mama yake lilivuka daraja la reli kwenda bara. Akaenda darajani."

"Alivuka kwa miguu?" niliuliza. Nilikuwa nimeshasahau kwamba mimi ndiye muuliza maswali rasmi.

"Atavukaje tena, mwanangu? Alikanyaga taruma moja la reli, akakanyaga lingine, na katikati anaona maji chini. Aliniambia hakutazama nyuma kwa sababu aliogopa asije akaona wanakuja. Wala hakutazama mbele, maana ng'ambo haikuonekana. Alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Mpaka anakufa, mama alikuwa akitembea anatazama vidole vyake."

Alisema Hester alikwenda akiuliza kwa kila mtu mweusi aliyekutana naye, na njia zilikuwa zimejaa watu, kila mmoja anamtafuta mtu wake. Walimlisha mahindi, walimlaza vibarazani. Mwisho akaonyeshwa shamba, na ndani ya shamba akaonyeshwa mwanamke anayelima.

"Sasa akashindwa kusema," Bi Zenobia aliendelea. "Amekuja njia yote hiyo, na mdomo haufunguki. Na yule mama naye aliinua macho, akaona mtoto wa watu, akaendelea kulima. Basi mama yangu akaokota jembe lililokuwa limelala pale, akashika mstari wa pembeni yake. Wakalima wote wawili, sambamba, hadi mwisho wa mstari. Pale mwisho mama yake akanyoosha mgongo, akamwambia, 'Unalima vizuri. Nani kakufundisha?' Naye akamjibu, 'Mimi ni Hester.'"

Hakutuambia walilia au walikumbatiana, na hakuna aliyemuuliza. Miaka kumi na minne nilikuwa nimesimama mbele ya ubao nikiandika 1865, nikiipigia mstari kwa chaki, na siku zote historia hiyo ilikuwa mbali nami kama Misri ya Musa. Sasa ilikuwa imekaa karibu na mlango ikijipepea.

Cleophus alitoka kwenye kiti chake cha unahodha, akapita katikati ya watu. Akapiga goti mbele ya Bi Zenobia.

"Mama yako alikuwa anakushika mkono?" alimuuliza. "Ulipokuwa mdogo, mnapovuka barabara?"

"Alikuwa ananishika huu." Akamwonyesha wa kushoto.

"Naomba niushike."

Akaushika kwa mikono yake miwili. Nyuma yake akaja Verlene, naye akaushika, machozi yanamtiririka bila kuyafuta. Halafu wakaja wengine. Hakuna aliyepanga mstari, lakini mstari ukawepo, kwaya na wapokezi wamechanganyika, watoto wananyanyuliwa na mama zao. Mimi nilipofika nilikuta mkono mwepesi, mkavu, wenye joto, nikasema asante.

"Basi inatosha," Bi Zenobia alisema hatimaye. "Mtaniminya mifupa. Mwalimu, rudi ukaulize. Nimekuja kuona hawa wapokezi wakipigwa."

Tulimaliza, ingawa kengele zilikuwa zikigongwa polepole na hakuna aliyemcheka aliyekosea. Kwaya ilishinda kwa pointi moja. Cleophus alikosa swali ambalo najua alikuwa akilijua tangu utotoni.

Asubuhi ya sikukuu, kabla ya maandamano, alinipitia nyumbani akiwa na Verlene kwenye gari. Hatukuambizana tunakokwenda. Aliendesha hadi mwisho wa kisiwa, reli inapoingia baharini. Daraja la siku zile halipo, lilifagiliwa na dhoruba kubwa, na la sasa ni la zege. Lakini maji ni yaleyale na upana ni uleule.

Tulisimama tukitazama. Bara lilikuwa mstari wa moshi tu, na kwa mtoto wa kimo cha Hester hata huo mstari usingeonekana. Chini yetu mkondo ulikuwa ukivuta kwa nguvu, rangi ya chai.

"Miaka kumi na mmoja," Verlene alisema kwa sauti ndogo. "Binti yangu ana kumi na mmoja. Simwachi avuke barabara ya ufukweni."

Cleophus alivua kofia. Tulibaki hapo hadi tukaanza kusikia ngoma za maandamano zikijaribiwa mjini, na hata hapo hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kugeuka.