Upara wa Nungunungu

Barua ilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha mavazi Jumatatu asubuhi, kwa gundi nyingi kuliko ilivyohitajika, na fundi cherehani aliisoma akiwa bado na mkoba begani. Wenzake walimwita Sindano, kwa sababu ya wembamba wake na kwa sababu ya ulimi wake. Barua ilisema bustani ya michezo imepata mmiliki mpya, jambo ambalo hata paka wa stoo alikuwa analijua. Ilisema pia kwamba mmiliki huyo ametia saini mkataba na kampuni ya katuni, na kwamba baada ya wiki tano, siku ya Jumamosi, bustani itampokea Kapteni Kimondo, yule kindi wa angani anayeonekana kwenye televisheni na kwenye pakiti za biskuti. Mstari wa mwisho ulikuwa mfupi. Vazi la nungunungu litaondolewa kwenye matumizi siku hiyohiyo.

"Kuondolewa kwenye matumizi," alisema shemeji yake, aliyekuwa amekaa juu ya meza ya kukatia vitambaa akimenya ndizi. "Ndiyo nini hiyo, shemeji? Kustaafishwa au kuzikwa?"

"Kutupwa."

"Na aliye ndani yake?"

"Aliye ndani ana miguu, atatoka mwenyewe. Na shuka mezani, unanichafulia kitambaa."

Alimjibu hivyo kwa mazoea tu, maana baridi ilikuwa imeshamwingia moyoni. Nungunungu alizaliwa kwenye cherehani yake miaka kumi na tisa iliyopita. Mmiliki wa kwanza, mzee asiyejua kuchora hata yai, alimwambia anataka mnyama ambaye bustani nyingine hazina, mengine atajua mwenyewe. Akayajua. Alimtengenezea tumbo la duara, pua ya kitambaa cha mahameli, na mgongo wenye miiba mia tatu ya sponji iliyovikwa kitambaa cha mistari myeusi na myeupe. Kila mwiba ulishikwa na kifungo kimoja cha chuma, vile vya kubana, vinavyosema "ta" ukivifungua na "ta" ukivifunga. Shemeji, mdogo wa mume wake, alikuwa ndani ya tumbo lile kwa miaka kumi na minne, na hakuna kazi nyingine aliyowahi kuiweza.

Kifungo kile ndicho kilichozaa desturi. Mtoto aliyekuja bustanini siku yake ya kuzaliwa aliruhusiwa kung'oa mwiba mmoja, ta, akaenda nao nyumbani. Shemeji, ambaye kunyamaza kwake ni mpaka alale, aliinama kila mara akamnong'oneza mtoto maneno yaleyale: "Utunze. Siku ukisikia nimebaki na upara, unirudishie." Mtoto alicheka, mzazi alipiga picha, na Jumatatu Sindano alishona miiba mipya kuziba mapengo. Fundi mmoja aliwahi kumshauri atumie gundi, au vifungo vya plastiki ambavyo ni rahisi. Alimwangalia mpaka yule fundi akakumbuka ana shughuli kwingine. Kwa miaka kumi na tisa kifungo kilikuwa kilekile, cha ukubwa uleule, kutoka duka lilelile.

Alasiri meneja mpya, aliyeletwa na mmiliki huyo, alikuja na kitabu cha masharti ya Kapteni Kimondo, kinene kama tofali. Hakuwa mtu mbaya, na Sindano mwenyewe alikiri hivyo baadaye. Alikuwa kijana nadhifu aliyeamini kwamba kila kitu duniani kina fomu yake. Akayasoma masharti kwa sauti: Kapteni Kimondo haongei. Kapteni Kimondo haketi. Haonyeshi hisia zisizoorodheshwa. Mkia wake haufuliwi kwa maji ya moto. Hakuna fundi atakayegusa uzi wake bila idhini ya maandishi.

"Na akipasuka suruali mbele ya watu?" aliuliza Sindano.

"Unaandika barua."

"Sawa, bosi."

Waliomjua Sindano wangeiogopa "sawa" ile. Meneja hakumjua, akaendelea. Mkataba unakataza mhusika mwingine kuonekana ndani ya bustani, kwa sura, kwa picha wala kwa kipande, kwa hiyo kuanzia leo asishone tena miiba. Watoto wamalizie iliyopo, mnyama anaondoka. Kisha akasita. "Hiyo mliyokuwa mnawapa, iko mingi huko nje?"

"Iko."

Meneja akawaza, akapata wazo, na wazo lilimpendeza. Atatoa tangazo: kila atakayerudisha mwiba wa nungunungu Jumamosi ile ataingia bure. Vipande vitakusanywa kwenye boksi, mkataba utakuwa safi. Alikadiria watu arobaini. Hakumuuliza Sindano idadi, na Sindano hakuona sababu ya kumjibu mtu swali ambalo hajaulizwa.

Msidhani Sindano alikuwa na mpango. Hakuwa nao. Alirudi nyumbani, akamwambia mumewe "wanamtupa," akalia huku akipanga vyombo, kisha akamkasirikia mumewe kwa kuwa hakulia naye.

Wiki zikapita, na mgongo wa nungunungu ukapungua. Kila siku ta nane, ta kumi, na Jumatatu ikifika cherehani imefunikwa shuka. Ikaonekana shingo, yakaonekana mabega, vikabaki vifungo vitupu vinang'aa juani. Jumapili ya mwisho binti wa miaka sita aling'oa mwiba uliobaki peke yake kisogoni. Shemeji aliinama anong'one kama kawaida, akakuta maneno hayasemeki tena. Mtoto alimzunguka mara moja, akamtazama vizuri, uso ukamkunjamana.

"Kwani umeshapata upara?" akasema, akaanza kulia.

Baba yake alipiga picha. Jioni aliituma kwa watu wake pamoja na tangazo la meneja la kurudisha miiba, akaongeza maneno manne tu: Amebaki na upara, jamani.

Jumamosi ilifika na maputo yake. Jukwaa lilifungwa mbele ya gurudumu kubwa, Kapteni Kimondo akasimama juu yake akipunga mkono kwa kiwango kilichoorodheshwa. Mwakilishi wa kampuni ya katuni, mama mwenye miwani na kitambulisho kifuani, alizunguka na kalamu akikagua. Nungunungu alikuwa ndani ya gunia chumba cha mavazi, na shemeji alikuwa ameagizwa ampeleke kwenye gari la taka saa nne kamili. Alikuwa amekaa juu ya gunia. Saa nne ilishapita, na Sindano hakumhimiza.

Simu ililia. Alikuwa mkata tiketi wa getini. "Sindano, njoo. Usiniulize, we njoo tu."

Foleni ilianzia getini, ikapita ukuta wa maegesho, ikakunja kona na kupotelea huko. Hawakuwa watoto tu. Alikuwepo dereva mwenye sare ya kazini, muuguzi aliyetoka zamu, bibi mmoja ameshika miiba minne kwa niaba ya wajukuu walio mbali, na jibaba lenye kitambi ambalo Sindano alilikumbuka likiwa halifiki kaunta. Kila mmoja na mwiba wake. Mingine ilikuwa imepauka, mingine imetafunwa na mbwa, mmoja ulifungwa utepe. Meneja alisimama na boksi lake, jasho linamtoka, na boksi lilikuwa tupu.

"Wekeni humu, muingie," alikuwa akisema. "Ni bure."

"Hatujafuata bure," alimjibu muuguzi kwa upole. "Alisema tumrudishie yeye. Yuko wapi?"

Sindano hakusubiri kusikia mengine. Alikimbia, mwanamke mzima, mpaka chumba cha mavazi, akampiga shemeji begani. "Vaa."

"Na gari la taka?"

"Vaa, nimekwambia."

Alipokuwa akimfunga zipu, hofu moja ilimshika, hofu ya fundi. Chuma hushika kutu. Miiba ile imekaa kwenye droo, kwenye maboksi, chini ya vitanda, mingine zaidi ya miaka kumi. Isiposhika, ikidondoka mmoja mmoja mbele ya watu wote wale, basi atakuwa amemtoa mnyama wake achekwe, halafu atupwe. Akavuta zipu mpaka juu.

Nungunungu alitoka getini na upara wake. Muuguzi alikuwa wa kwanza. Mwiba wake ulikuwa umefuliwa mpaka mistari imefifia. Aliuelekeza begani, akabana kwa kidole gumba.

Ta.

Ulishika. Sindano aliuvuta kidogo kuhakikisha, ukakataa kutoka. Hapo akaachia machozi hadharani, bila aibu, akiwa na haki yote ya kulia. Akaja dereva, ta. Akaja bibi, ta, ta, ta, ta. Jibaba lilipobana lake lilisema, "Nilikwambia nitautunza," na kutoka ndani ya tumbo la sponji sauti ikajibu, "Nilijua, ila hukuniambia utanenepa hivi." Watu walicheka mpaka mlinzi wa geti akashika ukuta. Vifungo vilipokwisha watu walikuwa bado hawajafika nusu, basi Sindano alivuta kigoda, akatoa uzi, akawa anashona iliyobaki papo hapo mgongoni mwa mnyama, na sindano yake haikukosea hata mara moja. Kufikia alasiri nungunungu alikuwa na miiba zaidi ya mara mbili ya ile aliyozaliwa nayo, akipita mlangoni kwa ubavu. Jukwaani Kapteni Kimondo alionekana akipiga makofi, hisia isiyoorodheshwa.

Meneja alimfuata mwakilishi wa katuni akiwa na uso wa mtu aliyevunja sahani za wageni. "Mama, naomba radhi. Mkataba unasema mhusika mwingine asionekane. Nitamwondoa sasa hivi."

"Uliniandikia hamna mhusika," alisema yule mama. "Uliandika mna vazi la zamani."

"Ndivyo nilivyodhani."

"Miaka ishirini nafanya kazi hii. Tunalipa watu wabuni viumbe, na tisa kati ya kumi watoto huwasahau wakifika shule. Huyu wako, watu wazima wameomba ruhusa kazini waje kumrudishia mwiba." Akavua miwani, akaifuta. "Kumwondoa huyu mbele ya watu hawa, mimi simo. Mkataba tutaurekebisha, Kimondo wetu asimame naye pamoja. Na wenye biskuti wapo pale, wananiuliza tangu saa tano haki za nungunungu ziko kwa nani, wanataka kumweka kwenye pakiti. Kitabu chake cha masharti kiko wapi?"

Meneja akafanya jambo lililomfanya Sindano amsamehe mengi. Aligeuka, akanyoosha mkono kuelekea kwenye kigoda. "Kiko kichwani kwa yule. Ndiye aliyemtengeneza."

Jumatatu Sindano alikunja shuka lililofunika cherehani, akakaa mezani na karatasi na kalamu. Shemeji alikuwa juu ya meza tena, na safari hii hakushushwa. Meneja alisubiri mlangoni, kitabu kinene cha Kapteni Kimondo kwapani, kama mfano wa jinsi ya kuandika. Sindano hakukihitaji. Aliandika ukurasa mmoja, akampa.

Nungunungu anaongea. Nungunungu anaketi akichoka. Mwenye siku ya kuzaliwa ang'oe mmoja, na atakayeurudisha apokelewe, hata akiwa na mvi. Kifungo hakibadilishwi. Miiba itashonwa kila Jumatatu, na hakuna atakayegusa uzi wake bila idhini ya fundi kwa maandishi.

Meneja alifika mstari wa mwisho, akainua macho. "Hata mimi?"

"Wewe unaandika barua," alisema Sindano, akakanyaga pedali ya cherehani.