Matao ya Anoka

Papa Habiyaremye aligoma mlangoni. Alitazama kuta nyeupe, matao ya baraza, vigae vyekundu vilivyochungulia chini ya theluji, na kengele juu kabisa, akarudisha mguu nyuma.

"Byamungu, umetuleta misheni kwa mapadri!"

"Papa, humu hajafundisha padri hata mmoja. Ilikuwa shule ya mji huu wa Anoka, tangu enzi za babu za wenyeji. Aliyeichora alipenda misheni za kale za California, akaiga."

"Matao ya nchi ya jua, akayaleta kwenye barafu? Bon, alikuwa mwendawazimu."

"Basi nampenda mwendawazimu huyo!" Byamungu alijibu.

Kanisa lao la Kipentekoste lilikuwa linapoteza ukumbi wa kukodi, na mwenye jengo hili alitaka jibu siku hiyohiyo. Bila Papa Habiyaremye, mzee wa kanisa, kukubali, jibu halikuwepo. Byamungu, kiongozi wa kwaya, alijua donda lilipo: utotoni, kule milimani Kivu, mzee alifukuzwa shule ya misheni yenye matao kama haya, kisa dini ya baba yake.

"Wanaume, mtaganda huko nje!" Mama Mukamana, sauti ya kwanza ya kwaya, aliita kutoka ndani. "Njooni muone!"

Byamungu aliingia peke yake. Alikuwa amekuja kuringia nyumba aliyoivumbua, lakini alisimama kutazama. Tao baada ya tao, ukumbi ulirefuka mbele yake. Mwanga wa theluji ulipita kwenye madirisha yenye kina cha mkono mzima, ukalala juu ya mbao zilizobonyezwa na viatu vya watoto waliokwisha kuzeeka na kufa. Akavua kofia bila kujua.

Kwao nyumba ya sala haikubaliwi kwa macho. Huimbiwa kwanza, bila gitaa wala ngoma.

Akaimba. Sauti ilikwenda hadi mwisho wa matao, ikarudi imenenepa, kana kwamba kuta zilikuwa zimeisubiri. Mama Mukamana alimshika mkono. Akanyamaza, sauti ikaendelea.

"Umeanza juu mno."

Papa Habiyaremye alisimama nyuma yao, theluji ikiyeyuka viatuni, macho yakiwa darini.

"Utawapasua watu makoo. Rudia, chini kidogo."

Byamungu, ambaye hakuwahi kukosolewa noti na mtu akakubali, alirudia chini kidogo. Besi ya mzee ikaingia, na ukumbi mzima ukatetemeka.

Mama Mukamana alikuwa ameshatoa simu, anatafuta namba ya mwenye jengo.