Rido Haiko

"Rido iko?" mwanamke aliuliza, mguu mmoja mchangani, mwingine bado njiani.

Mansuri aligeuza samaki wake, mukeke wa ziwani, juu ya makaa. "Leo hakuna, dada. Labda kesho."

Mwanamke alizitazama meza zilizopangwa kulielekea ziwa, akacheka kidogo kwa pua, akaondoka. Mumewe na watoto wakamfuata. Walikuwa wametoka Bujumbura kuogelea, njaa imeandikwa usoni, na bado walipita.

Si wao tu. Kila Jumapili kulikuwa na mtu wa kuitaka hiyo rido. Mansuri alidhani ni mboga fulani, au kinywaji cha Wafaransa. Kuuliza alishindwa. Tangu amzike mkewe Riziki, maswali yalimfika kooni yakalala hapohapo.

Yeye ni mtu wa Unguja. Alipika miaka mingi ufukweni kwa mama mmoja wa Kitaliano, aliyefika kisiwani na sanduku lake bila kujua hata kuomba maji, akafungua mkahawa. Mama yule alimfundisha: meza ziangalie maji, na anayekula aonekane, ndipo wengine wataingia. Mansuri akaona, kama mgeni alianza hivyo kwetu, nami nitaanza hivyo kwao.

Hapa Rumonge ni kwao Riziki. Ugonjwa ulipomzidi aliomba arudishwe nyumbani, Mansuri akamrudisha, na sasa amelala kule juu kwenye michikichi. Mansuri hakutaka kumwacha peke yake. Zaidi ya hapo hakuwa na analolitaka.

Asubuhi ile Léonard, mwenye kiwanja, alikuja kuongea naye. Hakuwa na ubaya. "Muzee Mansuri, nakuhurumia, lakini plasi yangu inalala. Jumapili ijayo kama hakuna watu, nampa Agneta, anatafuta pa kuuzia bia."

"Sawa," alisema Mansuri. Alijua maana yake. Bila jiko lile, Rumonge hana pa kushika, atarudi Unguja.

Jioni Batuli, dada mkubwa wa Riziki, alimletea ugali na mboga ya lengalenga. Alifunga mlango kwanza, ndipo akafunua sahani. Alifanya hivyo siku zote, na siku zote Mansuri alidhani ni kwa sababu ya nzi.

"Shemeji," Mansuri alisema, kwa kuwa sasa hakuna tena cha kupoteza, "rido inapikwaje?"

Mkono wa Batuli ulisimama hewani. "Nini inapikwaje?"

"Rido. Watu wote wanaitaka. Mimi nawaambia imekwisha."

Batuli alicheka mpaka akaegemea ukuta. Nyumba ile haikuwa imesikia kicheko tangu msiba, naye alipokumbuka hilo akajifuta macho kwa upande wa kitenge.

"Rido haipikwe, shemegi. Rido iko hii." Akashika kitambaa kilichoning'inia kwenye mlango wa chumba.

"Pazia?"

"Iite vile unataka. Unaweka watu pale inje, kila mwenye kupita anahesabu matonge yao. Mutu mukubwa atakula vile? Bia atakunywa mbele ya dunia nzima. Chakula, hapana. Wanakuuliza wajifiche wapi, wewe unajibu imekwisha. Watasema huyu muzee wa Tanzania ni kichaa."

"Riziki hakuniambia."

"Angesema nini? Kule kwenu alikuwa mugeni."

Mansuri aliendelea kutafuna. Kule Unguja, kila jioni, alimwandalia Riziki sahani ufukweni, na kila jioni Riziki aligeuza kiti akala akiutazama ukuta. Miaka yote ile yeye alidhani mkewe hakupenda mapishi yake. Siku moja alimwambia, "Kama hupendi, sema." Riziki akajibu, "Napenda," bila kugeuka.

Alingoja kitu kimuume kifuani. Hakikuja.

"Chukua hii," Batuli alisema, akikitungua kitambaa. Kilikuwa cha maua ya buluu. Riziki alikishona mwenyewe alipolala mgonjwa, wageni wasimwone alivyokonda.

Jumapili Mansuri alisimamisha nguzo, akazungusha mikeka, akatundika rido mlangoni. Mwanamke wa Jumapili iliyopita alikuwa wa kwanza.

"Leo iko?"

"Iko."

Waliingia wote, wakafuatwa na wengine. Sahani zikaenda zimejaa, zikarudi mifupa. Léonard alipofika aliangalia mchanga mtupu.

"Watu wako wapi?"

"Wanakula."

Léonard aliinua pembe ya rido, akaiachia upesi kama aliyemfumania mtu akioga. "Pardon," alisema kwa wale wa ndani. Kisha, chini chini, "Agneta nitamuambia atafute kule ku mwalo wa mitumbwi."

Jua lilipolegea, watu waliondoka. Ulibaki mukeke mmoja. Siku zote Mansuri alikula amesimama karibu na makaa, macho ziwani. Leo aliubeba ndani, akaketi, akakaa kidogo bila kuugusa. Kisha akainuka, akageuza kiti.

Alikula akiutazama mkeka. Nyuma yake upepo wa ziwa uliisukuma rido ndani, ikamgusa bega, ikarudi, ikamgusa tena.